Kiasi, Fadhila ya Walio Huru



Ndugu wapendwa katika Kristo, juma hili tumeona vema kutafakari pamoja nanyi fadhila ambayo hutajwa mara nyingi lakini hufafanuliwa mara chache, nayo ni fadhila ya kiasi. Katika katekisimu tulifundishwa kuihesabu ya mwisho kati ya zile fadhila kuu nne: busara, haki, nguvu na kiasi. Pengine kwa kuwa hutajwa mwisho, wengi wetu tumeiweka mwisho hata maishani.

Tukianza na neno lenyewe, lugha yetu imetusaidia sana. Mama jikoni hutia chumvi kwa kiasi. Fundi mwashi huchanganya mchanga na saruji kwa kiasi. Muuguzi humpa mgonjwa dawa kwa kiasi. Chumvi ikizidi, mboga haiendi kinywani. Ikipungua, chakula hakina ladha. Dawa ikizidi huua, ikipungua haiponyi. Basi neno hili linatuonya pande zote mbili. Kiasi si kupunguza tu, wala si kukataa tu. Ni kukifikia kipimo kinachofaa kwa lengo lililokusudiwa. Nasi tukitaka kujua kipimo cha maisha ya Mkristo, hatuna budi kujua kwanza lengo lake.

Katika historia ya Kanisa, waamini wamekosea njia hii kwa namna mbili. Wako waliojiachia, wakawa watumwa wa tumbo, wa pombe, wa tamaa za mwili, wa hasira au wa fedha. Na wako waliojinyima hadi wakasahau kwa nini wanajinyima, wakaanza kuwadharau wenzao na hata kuvidharau viumbe alivyoviumba Mungu. Makosa haya yote mawili yamo katikati yetu hata leo. Ndiyo maana tunawaalika kupita pamoja nasi katika kurasa chache za historia, tuone jinsi Mama Kanisa alivyojifunza, na jinsi alivyowafundisha wanawe.

Mfungwa aliye huru na liwali aliye mtumwa

Katika Matendo ya Mitume, sura ya 24, tunamkuta Mtume Paulo akiwa mfungwa huko Kaisaria, mbele ya liwali Mrumi aitwaye Feliki. Feliki alikuwa ameinuka kutoka hali ya utumwa. Aliachwa huru, kisha akapanda hadi kukabidhiwa nchi ya Uyahudi. Pembeni yake aliketi mkewe Drusila, binti wa mfalme Herode Agripa wa Kwanza. Mwanahistoria Myahudi Yosefo anasimulia kwamba Drusila alikuwa mke wa Aziso, mfalme wa Emesa, na kwamba Feliki alimshawishi kumwacha mumewe ili aolewe naye.

Wawili hao waliomba kusikia habari za imani katika Kristo. Mtakatifu Luka anatuambia kwamba Paulo aliwaeleza mambo matatu: haki, kiasi, na hukumu itakayokuja. Mwalimu mwoga angechagua mada nyingine mbele ya watu kama hao. Feliki aliingiwa na hofu, akamwambia Paulo aende zake mpaka atakapopata nafasi. Na Luka anaongeza kwamba liwali huyo alikuwa akitumaini kupewa fedha na Paulo, kwa hiyo alimwita mara kwa mara; miaka miwili ikapita, naye akamwacha kifungoni.

Tuwatazame watu hawa wawili. Mmoja ana askari, jumba na mamlaka ya kufunga na kufungua, lakini hawezi kuiambia tamaa yake ya mwanamke wala tamaa yake ya rushwa kwamba imetosha. Mwingine ana minyororo mikononi, lakini hakuna anayeweza kumnunua wala kumnyamazisha. Yupi kati yao alikuwa huru? Hapo ndipo tunapoona kwa nini Paulo, katika waraka wake kwa Wagalatia 5:22-23, anaweka kiasi kuwa miongoni mwa matunda ya Roho Mtakatifu, katika sura ileile inayoanza kwa kutangaza kwamba Kristo alituweka huru.

Neno la Kigiriki alilotumia Paulo ni enkrateia, ambalo ndani yake mna maana ya nguvu na utawala. Ni hali ya mtu kujimiliki mwenyewe. Wanafalsafa wa Ugiriki walilitumia kabla yake. Lakini Paulo alilitia maana mpya. Akiwaandikia Wakorintho, sura ya 9 ya waraka wa kwanza, aliwakumbusha wanariadha wanaojizuia katika mambo mengi ili wapate taji ya majani. Wakorintho walimwelewa mara moja, kwa maana karibu na mji wao ndipo ilipofanyika kila baada ya miaka miwili michezo mashuhuri ya Isthmia. Mwanariadha hachukii chakula, wala hauchukii mwili wake; anautunza na kuutiisha kwa sababu anakitaka kitu kilicho kikubwa zaidi. Kwa Paulo, kitu hicho ni Kristo mwenyewe na wokovu wa ndugu.

Neno jema lilipogeuka kuwa uzushi

Haikupita miaka mingi, neno hilohilo zuri likageuzwa. Katika karne ya 2 palizuka kundi la Wakristo walioitwa Waenkrati, yaani watu wa enkrateia, watu wa kujizuia. Mtakatifu Ireneo, askofu wa Lyon, anamhusisha nao Tatiano, mtu msomi kutoka upande wa Siria, aliyekuwa mwanafunzi wa Mtakatifu Yustino huko Roma. Baada ya Yustino kuuawa kwa ajili ya imani, yapata mwaka 165, Tatiano alijitenga na Kanisa. Waenkrati waliikataa ndoa wakiihesabu kuwa uchafu, wakakataa kula nyama, wakakataa divai. Na wapo waliotumia maji matupu mahali pa divai hata katika adhimisho la Ekaristi.

Ukiwatazama kwa nje, ungewasifu. Hawakulewa, hawakuzini, hawakula kwa pupa. Lakini Kanisa liliwaona kuwa wamepotoka, kwa sababu waliyemtukana hasa ni Muumba. Kama ndoa ni uovu, basi Mungu aliyewaumba mwanamume na mwanamke na kuwabariki alikosea. Kama divai ni uovu, basi Bwana wetu alikosea kule Kana ya Galilaya. Tukumbuke kwamba Bwana mwenyewe, kwa kuwa alikula na kunywa pamoja na watu, adui zake walimwita mlafi na mlevi, kama asimuliavyo Mathayo 11:19. Asingepata jina hilo kama angeishi wapendavyo Waenkrati.

Jambo hilo lilirudi tena katika karne ya 4. Maaskofu kadhaa walikutana katika sinodi mjini Gangra, katika nchi ambayo leo ni Uturuki, kwa sababu ya wafuasi wa Eustasi wa Sebaste. Watu hao walikuwa na bidii kubwa ya kujinyima, lakini bidii isiyo na kipimo. Kanuni za sinodi hiyo ni somo tosha kwetu. Iliwalaani wanaoidharau ndoa. Wanaowahukumu wala nyama. Wanaofunga siku ya Dominika kwa kuidharau siku ya Ufufuko. Wanaokataa karamu za upendo ambazo waamini waliwaalika maskini. Wake wanaowakimbia waume zao kwa kuchukia ndoa. Wazazi wanaowatelekeza watoto, na watoto wanaowaacha wazazi wao, kwa kisingizio cha utakatifu. Iliwaonya pia wanaoishi useja wanaojivuna mbele ya wenye ndoa.

Ndugu zangu, hapo Kanisa lilitamka jambo ambalo hatupaswi kulisahau. Kujinyima kunakomwacha mtoto bila mlezi si fadhila. Kufunga kunakomnyima maskini mwenzake wa mezani si fadhila. Mtu hawezi kutumia ibada kukwepa wajibu wa upendo. Ni mara ngapi tunasikia habari za mzazi anayeshinda katika mikesha na mifungo, naye nyumbani watoto hawana wa kuwauliza kama wamekula?

Shule ya jangwani

Huko Misri, karibu na wakati huohuo, Mungu alikuwa akiandaa shule nyingine. Mtakatifu Antoni, aliyezaliwa yapata mwaka 251 na kufariki mwaka 356, alisikia Injili ikisomwa kanisani juu ya kuuza mali na kuwapa maskini, akafanya hivyo na kwenda kuishi upwekeni. Mtakatifu Atanasi, askofu wa Aleksandria, aliandika maisha yake, na maelfu wakafuata nyayo zake. Hao ndio tunaowaita Mababa wa Jangwani, Waafrika wengi wao, walimu wakuu wa fadhila tunayoizungumzia.

Walikula mkate mkavu na chumvi, walikesha, walifanya kazi za mikono kama kusuka vikapu na mikeka. Mtu angetegemea kwamba watu wa namna hiyo wangekuwa wakali kuliko Waenkrati. Kumbe, waliobobea kweli walikuwa wapole. Masimulizi yao yanatueleza kwamba mwindaji mmoja alimkuta Antoni akipumzika na kucheka pamoja na ndugu zake, akachukizwa. Mzee alimwambia avute upinde wake, kisha avute zaidi, kisha zaidi tena. Mwindaji akajibu kwamba upinde utavunjika. Antoni akamweleza kwamba ndivyo ilivyo katika kazi ya Mungu: ukiwavuta ndugu kupita kipimo, watavunjika. Wahenga wetu nao walisema kwamba ngoma ikilia sana hupasuka.

Yohane Kasiano, mmonaki aliyeishi na wazee hao kabla ya kufika Marseille, Ufaransa, yapata mwaka 415, ametuhifadhia masimulizi mawili yanayofaa kukumbukwa pamoja.

La kwanza ni la mzee mmoja aliyewafungulia wageni saumu. Kasiano na mwenzake walishangaa kuona wazee wa Misri wakila nao bila kusita hata siku za mfungo, wakauliza sababu. Mzee akawajibu kwamba mfungo anao siku zote, lakini wageni hawezi kuwa nao siku zote; na katika mgeni amempokea Kristo. Mfungo ni mwema, lakini upendo ni amri. Sisi tuliolelewa katika mila za kumpisha mgeni mahali pema na kumtengea kitoweo tunaelewa kwa urahisi alichokisema mzee huyo.

La pili linasikitisha. Mzee aitwaye Heroni aliishi jangwani miaka 50 kwa ukali kuliko wote. Hata siku ya Pasaka, ndugu walipokusanyika kanisani na kula pamoja, yeye hakujiunga nao, akiogopa kwamba akionja hata kidogo ataonekana amelegeza nia yake. Mwishowe alidanganywa na shetani aliyejifanya malaika wa nuru, akaamini kwamba kwa ajili ya fadhila zake hawezi kupatwa na dhara lolote, akajitupa kisimani usiku. Ndugu walimtoa akiwa mahututi, naye akafa siku ya tatu. Mtu aliyeshinda njaa kwa miaka 50 alishindwa na majivuno. Kasiano anaweka kisa hiki katika mafundisho ya Abba Musa juu ya busara ya kupambanua, akionyesha kwamba bila hiyo hakuna fadhila inayodumu.

Mwalimu mwingine wa jangwani, Evagri wa Ponto, aliyefariki mwaka 399, alizipanga vizuri hatari hizo. Alitaja mawazo mabaya manane yanayomshambulia mtu: ulafi, uzinzi, kupenda fedha, huzuni, hasira, uchovu wa roho, kutafuta sifa, na majivuno. Baadaye Papa Gregori Mkuu aliyapanga upya, na kutokana na mpango huo tumepata vichwa saba vya dhambi tunavyojifunza katika katekisimu. Tuutazame mpangilio wa Evagri: unaanzia tumboni na kuishia katika majivuno. Maana yake, anayejivunia kushinda ulafi anaweza kuwa amehama tu kutoka mwanzo wa orodha hadi mwisho wake.

Kikombe cha Monika

Tusidhani kwamba fadhila hii ni ya wamonaki peke yao. Mtakatifu Augustino, katika kitabu chake cha Maungamo alichokiandika mwishoni mwa karne ya 4, anatusimulia habari za mama yake, Mtakatifu Monika, alipokuwa msichana katika Afrika ya Kaskazini. Nyumbani mwao kulikuwa na mtumishi mzee aliyewalea mabinti kwa uangalifu, asiwaruhusu kunywa hata maji nje ya saa za chakula. Aliwaonya kwamba siku watakapoolewa na kushika funguo za ghala, hamu ya kunywa itabaki, ila maji yatageuka kuwa divai.

Hata hivyo, Monika alipotumwa na wazazi wake kuteka divai katika pipa, alianza kuonja kidogo kwa ncha ya midomo. Hakuipenda divai, ulikuwa utundu wa kitoto tu. Siku baada ya siku aliongeza kidogo, hata akafikia kunywa vikombe vilivyokaribia kujaa. Haba na haba hujaza kibaba, na methali hiyo ni ya kweli kwa mema na kwa mabaya. Kilichomponya ni tusi. Siku moja aligombana na kijakazi aliyekuwa akifuatana naye pipani, naye kijakazi akamwita mlevi. Neno hilo lilimchoma. Akajitazama, akaona kwamba ni kweli, akaacha mara moja.

Augustino anaona humo mkono wa Mungu, aliyetumia hasira ya mtu mmoja kuponya maradhi ya mwingine. Nasi tujiulize: ni nani anayetuambia ukweli kuhusu sisi, nasi tukamchukia kwa sababu hakuusema kwa upole? Wakati mwingine ni mke, wakati mwingine ni mtoto, au jirani katika jumuiya ndogondogo. Ukweli hauwi uongo kwa sababu ya ukali wa aliyeusema.

Augustino mwenyewe alipambana muda mrefu zaidi ya mama yake, hasa katika tamaa za mwili. Aliongoka mwaka 386 huko Milano na kubatizwa usiku wa Pasaka mwaka 387. Fundisho lake kuu juu ya kiasi ni kwamba hatukipati kwa nguvu zetu tu. Ni zawadi ya kuombwa kwa Mungu, anayetupa kwanza uwezo wa kutimiza anachotuamuru. Aidha, alifundisha kwamba kiasi ni namna ya upendo: ni upendo unaojilinda usigawanyike, ili uweze kujitoa mzima kwa Mungu.

Kipimo cha Benedikto na ufafanuzi wa Tomaso

Hekima ya jangwani iliingia Ulaya kwa njia ya Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, katika karne ya 6. Benedikto alipofika kwenye vyakula na vinywaji, alisitasita kuwapangia wengine kipimo, akijua kwamba kila mtu ana karama yake. Hata hivyo aliweka: aina mbili za chakula kilichopikwa, ratili moja ya mkate kwa siku, na hemina moja ya divai, kipimo ambacho wengi hukadiria kuwa kama robo lita. Wagonjwa na wanaofanya kazi nzito waongezewe. Abati naye aliagizwa kupanga mambo yote kwa namna ambayo wenye nguvu wapate la kutamani na wanyonge wasikimbie.

Karne ya 13, Mtakatifu Tomaso wa Akwino alilifafanua jambo hili kwa utaratibu wake mashuhuri. Katika Summa yake alifundisha kwamba kiasi hakiharibu furaha za mwili bali huziongoza kwa nuru ya akili, na kwamba kuzichukia furaha halali na za lazima kwa maisha ni kilema. Alisema pia kwamba mchezo na mzaha wa adabu vina nafasi yake katika maisha ya fadhila.

Tomaso, akimfuata mwanafalsafa Mgiriki Aristotle, alitofautisha pia watu wawili. Wa kwanza anajizuia: tamaa mbaya zinamvuta kwa nguvu, naye hazifuati. Wa pili ana fadhila kamili ya kiasi: tamaa zenyewe zimefundwa, zimetulia, zinalipenda lililo jema. Wa kwanza bado yumo vitani. Wa pili ameanza kuonja amani. Tofauti hii inaleta faraja kubwa kwa wanaopambana. Kijana anayejiona bado anavutwa na asifuate, mlevi aliyeacha na bado anatamani glasi kila jioni, baba anayeumeza ukali wake mara kumi kwa siku, hao wote wasijidhanie kuwa wanafiki. Wako njiani. Mazoea yana taabu, lakini mazoea mema nayo hukua kama mabaya yalivyokua.

Mashahidi walioachwa bila padre

Tukirudi kwetu Afrika ya Mashariki, historia inatupa ushuhuda ulioandikwa kwa damu. Wamisionari wa Afrika walifika Buganda mwaka 1879. Mwanzilishi wao, Kardinali Lavigerie, alikuwa ameagiza kwamba watu wafundishwe muda mrefu, miaka minne, kabla ya kubatizwa. Wengi waliona muda huo kuwa mrefu mno. Kisha, Novemba 1882, mapadre hao walilazimika kuondoka, wakavuka ziwa na kukaa Bukumbi, kusini mwa Ziwa Viktoria, katika nchi ambayo leo ni Tanzania. Walirudi Julai 1885.

Kwa muda wa karibu miaka mitatu, waamini wachache waliobaki hawakuwa na padre, wala Misa, wala mtu wa kuwasimamia. Waliporudi, mapadre walikuta kwamba imani haikufa bali ilikuwa imekua na kuenea. Hicho ndicho kipimo halisi cha kujitawala: mtu anavyoishi pale ambapo hakuna anayemwangalia isipokuwa Mungu.

Mnamo Oktoba 1885 Askofu Mwanglikana James Hannington aliuawa Busoga kwa amri ya Kabaka Mwanga. Yosefu Mukasa Balikuddembe, mkuu wa watumishi wa jumba la kifalme, alimwendea mfalme wake na kumkemea kwa tendo hilo, kama Paulo alivyosema kweli mbele ya Feliki. Tena alikuwa akiwakinga vijana wa jumbani wasiharibiwe na matakwa machafu ya mfalme. Aliuawa tarehe 15 Novemba 1885, akiacha ujumbe wa kumsamehe Mwanga na kumsihi atubu. Karoli Lwanga alishika nafasi yake na kuendelea kuwalinda vijana hao, akambatiza Kizito, mwenye umri wa miaka kama 14, siku chache kabla ya kifo. Tarehe 3 Juni 1886 walichomwa moto huko Namugongo. Miongoni mwao alikuwamo Bruno Serunkuma, askari ambaye mapokeo yanamkumbuka kuwa mtu wa hasira kali, aliyeendelea kupambana na tabia yake hata baada ya kuipokea imani. Papa Paulo VI aliwatangaza mashahidi 22 Wakatoliki kuwa watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964.

Mara nyingi tunawasifu kwa ushujaa wao mbele ya moto. Lakini ushujaa wa siku moja ulitanguliwa na kiasi cha siku nyingi. Aliyezoea kujikatalia mambo madogo ndiye aliyeweza kumkatalia mfalme.

Mlevi wa Dublin

Tumalizie na mtu aliye karibu zaidi na mapambano ya nyumba zetu. Matt Talbot alizaliwa mjini Dublin, Ayalandi, mwaka 1856, katika familia ya kimaskini yenye watoto wengi. Akiwa na miaka 12 aliajiriwa mahali pa kujaza vinywaji katika chupa, na muda si mrefu akawa mlevi. Ujira wake wote uliishia kilabuni. Siku moja yeye na wenzake walimwibia fidla yake mpiga muziki wa mtaani ili wapate fedha za pombe.

Mwaka 1884, akiwa na miaka 28, hakuwa na senti mfukoni. Alisimama nje ya kilabu akitumaini kwamba rafiki zake, ambao mara nyingi aliwanunulia yeye, wangemkaribisha. Walipita mmoja mmoja wasimwalike. Akaenda nyumbani, akamwambia mama yake kwamba anakwenda kuweka ahadi ya kuacha pombe. Aliiweka mbele ya padre, akaungama. Hakuahidi maisha yote. Aliahidi miezi mitatu. Ilipokwisha akaongeza sita, na mwishowe akaahidi moja kwa moja. Alipoona kilabu zinamvuta njiani, aliacha kutembea na fedha. Kila asubuhi alihudhuria Misa kabla ya kazi. Alimtafuta kwa muda mrefu yule mpiga fidla ili amlipe. Asipompata, akatoa fedha Misa ziadhimishwe kwa ajili yake. Kwa miaka 41 hakuonja pombe tena. Alianguka na kufa barabarani tarehe 7 Juni 1925, Dominika ya Utatu Mtakatifu, akiwa njiani kwenda Misa. Mwaka 1975 Papa Paulo VI alithibitisha kwamba aliziishi fadhila kwa kiwango cha kishujaa.

Katika mji huohuo, mwaka 1898, Padre James Cullen wa Shirika la Yesu alianzisha chama cha Pioneer, ambacho wanachama wake hujinyima kabisa vileo kwa heshima ya Moyo Mtakatifu wa Yesu, kama sadaka na sala kwa ajili ya wale wanaoteswa na ulevi. Chama hicho kilifika hata Kenya na Uganda. Wanachama wake hawaseme kwamba divai ni uovu, la sivyo wangekuwa Waenkrati. Wanakiacha kilicho halali kwa ajili ya upendo wa ndugu aliyefungwa.

Tuchukue nini nyumbani?

Kwanza, tuanze na kidogo na tuwe na lengo. Miezi mitatu ya Matt Talbot ni bora kuliko ahadi kubwa ya mkesha wa mwaka mpya inayokufa kabla ya Kwaresima. Anayeshindwa na pombe, na michezo ya kubahatisha katika simu, na picha chafu, au na maneno makali, na achague hatua moja anayoweza kuishika juma hili, kisha aongeze. Naye aache kutembea na kinachomwangusha, kama Talbot alivyoacha kubeba fedha.

Pili, tusiende peke yetu. Heroni alianguka kwa kujitenga na ndugu; Talbot alisimama kwa mama, padre, kitubio na Ekaristi. Palipo na ulevi uliokomaa, msaada wa daktari nao ni zawadi ya Mungu, wala si dalili ya imani haba.

Tatu, tuupime mfungo wetu kwa upendo. Baada ya siku 40 za Kwaresima, mtu asijiulize tu amepungua kilo ngapi au ameacha soda ngapi. Amuulize mkewe kama nyumba imekuwa na amani zaidi. Aangalie kama alichojinyima kimefika kwa mwenye njaa au kimebaki mfukoni mwake.

Nne, tuwalee watoto mapema, kwa mfano kabla ya maneno. Samaki mkunje angali mbichi. Lakini tusiwalee kwa kuwatisha kwamba mwili ni mchafu. Tuwafundishe kwamba mwili ni hekalu la Roho Mtakatifu, na hekalu hutunzwa kwa sababu ni la thamani.

Tunawaombea, ndugu wapendwa, hasa ninyi mlioanguka mara nyingi mkaona haya kuanza tena. Feliki alimwambia Paulo angoje mpaka apate nafasi, na Maandiko hayatuambii kwamba nafasi hiyo aliipata. Sisi tusiahirishe. Kitubio kipo Jumamosi hii kama kawaida. Mtakatifu Monika na Mtakatifu Karoli Lwanga na wenzake watuombee, na Roho Mtakatifu atuzalie tunda la kiasi, ili tuwe watu huru wenye kuweza kupenda.

Mungu awabariki nyote.